Uliza Mwalimu: "Mtoto amelala" kwa Kiingereza unasemaje?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na jambo moja, ile tensi ya Kiingereza yenye "ing" mwishoni ambayo madaftari ya shule yanaiita "present continuous". Nimefundisha watu wazima madarasa ya jioni miaka mingi sasa, mafundi, wauza duka, madada wa mapokezi, na nawaambia ukweli hii ndo tensi inayowatesa watu kuliko zote. Sio kwamba ni ngumu, ni kwamba Kiswahili chetu kimeyagawa mambo kwa namna yake na Kiingereza kikayagawa kwa namna yake. Kwahiyo safari hii nafasi yote nimeipa hiyo hiyo. Barua nimezifupisha ila maneno ni ya wenyewe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi mapokezi kwenye gesti moja hapa Moshi, wageni wetu wengi ni wale wa kupanda mlima. Juzi usiku mgeni kaja kuniuliza mwenzake yuko wapi nikamjibu "He has slept", akabaki ananiangalia kama anasubiri nimalizie. Kesho yake akaniuliza kama namjua dereva fulani nikasema "Yes, I am knowing him", mwenzangu wa zamu akanirekebisha pale pale mbele ya mgeni, niliumia kwakweli. Sasa mimi shuleni nilifundishwa "-na-" ni "ing" na "-me-" ni "has", nimekosea wapi? – Dada wa mapokezi, Moshi

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole, mwenzako angeweza kukuvuta pembeni akakuambia taratibu. Wewe umefuata ulichofundishwa, kasoro iko kwenye hiyo kanuni yenyewe, na hiyo kanuni imewaumiza wengi.

Tuanze na "He has slept". Kwa masikio ya Mwingereza hiyo ni habari ya usingizi ulioshaisha, mtu kalala kaamka, ndo maana alikuwa anasubiri umalizie, amelala masaa mangapi, wapi, ikawaje. Sisi tukisema "amelala" tunamaanisha ameingia usingizini na mpaka sasa yumo. Kiswahili kinatazama ule mlango aliopitia, amelala, amekaa, amesimama, amevaa, kaingia kwenye hali hiyo basi. Kiingereza hakijali mlango, kinatazama mtu yuko kwenye hali gani muda huu, kinasema "He is sleeping".

Fanya hivi. Usiku ukiwa hapo kaunta chungulia dirishani umtazame mlinzi. Mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti, ameshika tochi, ameegemea ukuta. Umeona, "-me-" nne mfululizo na hakuna hata moja inayokwenda kwenye "has". Ni "The guard is sitting on a plastic chair, he is wearing a coat, he is holding a torch, he is leaning against the wall". Ukisema "He has sat, he has worn a coat" mgeni atahisi unamsimulia tukio na ataendelea kusubiri mwisho wake.

Sasa "I am knowing". Hapa ni kinyume chake, Kiswahili kina "-na-" lakini Kiingereza hakitaki "ing". Najua, nataka, napenda, naamini, nahitaji, naelewa, hivi vyote sio kazi unayoifanya kwa mikono au miguu, ni vitu vimekaa ndani yako. Humjui dereva kuanzia saa mbili mpaka saa tatu halafu ukapumzika. Kwahiyo ni "I know him, I want, I like, I love, I believe, I need, I understand".

Wanafunzi wangu nawapa kipimo kimoja na ndo nataka ukishike. Chukua sentensi yako ya Kiswahili, mbele yake weka "nipo" au "yupo", kama tunavyosema kila siku kwenye simu, "nipo napika", "yupo anaoga". Ikikubali weka "ing". Ikigoma usiweke. "Nipo napika" inakubali, "I am cooking". "Yupo amelala" inakubali, "He is sleeping". "Nipo namsubiri dereva" inakubali, "I am waiting for the driver". Haya sasa sema "nipo namjua". Inagoma, mdomo wenyewe unakataa. "Nipo nataka maji", inagoma. "Nipo naamini", inagoma. Na uzuri wake kipimo hiki hakiangalii "-na-" wala "-me-", kinaangalia kama kuna jambo linaendelea, na hicho ndicho Kiingereza nacho kinachouliza.

Hata vile vitenzi vyenye sura mbili kinavikamata. "Nipo nafikiria kuacha kazi" sawa, "I am thinking about leaving my job". Lakini "nafikiri ni kweli", jaribu kuweka nipo, haiendi, kwahiyo "I think it's true". Jikoni vile vile, mama kainamia sufuria na kijiko mkononi, "yupo anaonja mchuzi", "She is tasting the sauce". Ila mchuzi wenyewe kuwa na chumvi nyingi hiyo sio kazi mchuzi unaifanya, "It tastes salty".

Angalia sehemu mbili. Nimechoka, nimeshiba, nimekasirika, hizo zinapita kwenye kipimo lakini Kiingereza kina maneno yake ya sifa tayari, "I am tired, I am full, I am angry", hapo "ing" haihitajiki. Na jambo la kila siku, mfano "nafanya kazi mapokezi", ukiona unaweza kuligeuza likawa la mazoea, "hufanya kazi mapokezi", basi ni "I work at the reception", hata kama muda huo unaosema upo kazini.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mimi nipo fomu wani hapa Tanga, primari tulisoma kwa Kiswahili. Nikiandika "I am go to school" ticha anaweka kosa, nikaandika "I going to school" nayo kosa. Alafu simu ya baba ukichomeka chaja inaandika "Charging", ukipiga inaandika "Calling", mbona wao hawaweki "am" na hawakosei? – Mwanafunzi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umetazama simu ukaona kitu ambacho wakubwa wanakiona kila siku na hawaulizi.

"I am go" najua umeitoa wapi. Umeangalia "ninaenda", mwanzoni kuna "ni", na kwa kuwa "mimi ni mwanafunzi" ni "I am a student" ukaona "ni" ndo "am". Hizo "ni" mbili zinafanana kwa sura tu. Nikuonyeshe, badilisha mtu. Ninaenda, unaenda, anaenda, wanaenda, umeona ile "ni" imepotea, kwasababu ilikuwa inamaanisha mimi, yani "I". Sasa badilisha ile nyingine, mimi ni mwanafunzi, wewe ni mwanafunzi, yeye ni mwanafunzi, "ni" imebaki palepale haijatikisika. Hiyo ndo "am, is, are".

Kwahiyo kwenye "ninaenda", "ni" ni "I", "enda" ni "go", na ile "-na-" ya katikati ndo Waingereza wameigawa vipande viwili, "am" wakaiweka mbele na "ing" wakaiweka nyuma. "I am going". Ni kama gunia la mkaa linalobebwa na watu wawili, mmoja akiachia linaanguka. Ukiandika "I am go" wa nyuma kaachia, ukiandika "I going" wa mbele kaachia, na ticha hana budi kuweka kosa.

Simu sasa. Simu haisemi sentensi, inabandika tangazo kwenye nafasi ndogo, sawa na ukuta ulioandikwa "HAIUZWI" na kila mtu anaelewa kwamba nyumba hii haiuzwi. Sentensi kamili ni "The phone is charging". Kwenye tangazo wanaruhusiwa kufupisha, kwenye daftari hapana.

Kukanusha rahisi, "not" inakaa baada ya "am", "I am not going". Kuuliza unahamisha tu, "You are going" inakuwa "Are you going?". Na kesho ukiwa njiani kwenda shule sema kwa sauti ya chini kila unachokiona, wavulana wanasukuma mkokoteni "The boys are pushing a cart", jogoo anawika "The cock is crowing", mama anakaanga vitumbua, "A woman is frying vitumbua", ndio, vitumbua viache hivo hivo. Wiki mbili tu ya hivo utaona.

SWALI: Jambo mwalimu. Miye niko Lubumbashi, ku masomo tulisoma na Kifaransa. Kwa Kifaransa "je lis" inatosha, kama niko nasoma sasa ama kama nasomaka kila siku, ni ile ile. Kingereza inanisumbua, sijue wakati gani niseme "I read" na wakati gani "I am reading". – Kaka wa Lubumbashi

JIBU: Jambo kaka. Wewe una bahati ambayo wenzako wa Dar na Mombasa hawana, umeiandika mwenyewe kwenye barua yako bila kujua. Umesema "niko nasoma" na umesema "nasomaka". Hizo ndizo zenyewe! "Niko" ni "I am", "nasoma" ni "reading", zinakaa kwa mpangilio ule ule. Na hiyo "-ka" ya mwisho mnayoweka kwa jambo la mazoea ndo "I read". Basi tafsiri kutoka Kiswahili cha nyumbani Lubumbashi, usipitie Kifaransa. Kifaransa mna "je suis en train de lire" lakini hiyo mtu anaitumia akitaka kukazia, asipotaka anaiacha na hakuna anayemlaumu. Kwa Kiingereza cha leo kuiacha hairuhusiwi. Zamani enzi za Shakespeare, miaka ya 1600, mtu ameshika kitabu mbele yako ungeweza kumuuliza "What do you read?" na ni sawa kabisa. Leo ukiuliza hivo atakujibu kwamba anasoma magazeti na riwaya, maana amesikia unauliza mazoea yake. Kile kilichopo mkononi ni "What are you reading?".

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni dada wa kazi huku Muscat, kwetu Iringa. Siku moja nilimwambia madam "I am coming" nikatoka kwenda kununua maziwa, kurudi nimemkuta kasimama sebuleni kakasirika, anasema umeniambia unakuja alafu ukaondoka. Sikuelewa kosa langu mpaka leo. Mbona nyumbani wote tunasema hivyo? – Dada wa Iringa, Muscat

JIBU: Salama dada, pole na ugeni. Nyumbani tunasema hivyo na ni lugha nzuri, "ngoja nakuja" unamwambia mtu huku unampa mgongo, maana yake usihesabu kwamba nimekuaga, nitarudi. Heshima hiyo ya kutomuacha mtu ghafla sisi tumeitia kwenye neno moja. Kiingereza hakina habari hiyo. "Coming" ni kumsogelea yule unayeongea naye. Madam akikuita toka chini na wewe upo ghorofani ukajibu "I'm coming!" hapo umesema vizuri kabisa. Lakini ukiwa unatoka mlangoni sema "I'll be right back", au mtajie unapokwenda, "I'm going to the shop". Nilishawahi kumwona muuza duka anamwambia mteja mgeni "I am coming" anazunguka nyuma kutafuta chenji, mgeni akapisha njia kabisa akidhani jamaa anataka kupita alipo yeye.

Na kwa kuwa unaishi na wenyewe nikuwekee mengine ya nyumbani. "Nasikia baridi" usiseme "I am hearing", ni "I feel cold" au "I'm feeling cold", zote sawa. "Namuona mtoto" ni "I can see the child". Hii ya kuona uwe nayo makini, "I am seeing him" ukimsema mwanaume watu wataelewa ni mpenzi wako. Daktari ni sawa, "I am seeing the doctor tomorrow", kwasababu hapo ni miadi.

Jingine ni likizo. Sisi tunasema "Desemba nasafiri" wakati Desemba bado, na Kiingereza nacho kinaruhusu hivo hivo, "I am travelling in December", ni moja ya sehemu chache tunazokutana. Ila ujue mtu akisikia hivo anaelewa mambo yameshapangwa, ruhusa ipo, tiketi ipo. Kama hujaomba ruhusa usiseme hivo kwa madam, sema "I would like to travel in December", utakuwa umeomba kwa adabu.

SWALI: Natengeneza batiki Bagamoyo, nina wateja wa nje wananitumia oda kwa WhatsApp. Nilimwandikia mmoja "I am dying your cloth now", akanipigia simu kwa wasiwasi. Kosa ni nini? – Mama Batiki, Bagamoyo

JIBU: Herufi moja mama. "Die", kufa, inabadilika inakuwa "dying", kama "lie" na "lying", "tie" na "tying". "Dye", kutia rangi, inabaki na "e" yake, "dyeing", kusudi zisichanganywe. Andika "I am dyeing your cloth". Vitenzi vingine vingi vyenye "e" ya mwisho isiyosikika vinaidondosha, "write, writing", "make, making". Vifupi kama "cut" na "run" vinaongeza herufi, "cutting", "running". Lakini "open" na "visit" haviongezi, "opening", "visiting", kwasababu sauti nzito iko mwanzoni, na "begin" inaongeza, "beginning", kwasababu sauti nzito iko mwishoni. Kama mteja ni Mmarekani akiandika "traveling" na wewe uliandika "travelling" wote mko sawa.

SWALI: Ticha, mimi ni shabiki wa mpira hapa Mombasa, kila wikendi naskiza ligi ya Uingereza na komentari ya Kiingereza. Kama tensi ya "ing" ndio ya kitu kinatendeka sasa hivi, mbona komenteta anasema "He shoots, he scores" na si "He is shooting"? – Shabiki, Likoni

JIBU: Swali zuri sana hili na jibu lake linakufundisha roho ya tensi yenyewe. "Ing" inahitaji jambo liwe na urefu, uwe umelikuta katikati, lilianza kabla hujasema na litaendelea ukishanyamaza. Shuti halina urefu huo. Mpaka komenteta atamke "He is shooting" mpira ushafika wavuni, kwahiyo anatumia fomu fupi, "He shoots, he scores", neno linadondoka pamoja na tukio. Wapishi kwenye video nao hufanya hivo, "I chop the onions, I add the oil", hatua inamalizika na sentensi yake.

Sasa wikendi hii sikiliza mpira ukitulia, pale timu zinapozungusha katikati ya uwanja. Utasikia "ing" zinarudi, "Liverpool are pressing", "the fans are singing", "it is raining". Mvua ina urefu, kelele za mashabiki zina urefu. Na umeskia wanasema "are", sio "is", Waingereza timu wanaihesabu ni watu wengi.

SWALI: Mwalimu, nilienda intavyuu Mwanza wakaniuliza nakaa wapi nikasema "I am living in Nyakato since 2015". Nikaona mmoja anaandika kitu. Ina kosa gani wakati bado nakaa? – Mtafuta kazi, Mwanza

JIBU: Alichoandika hatukijui, usijitese nacho. Kosa ni "since". Sisi tunasema "nakaa Nyakato tangu 2015" na inatosha, "-na-" inabeba sasa na miaka yote ya nyuma. "I am living" ya Kiingereza haifiki nyuma, inashika kipindi hiki tu. Ukitaja ulipoanzia lazima uongeze "have been", "I have been living in Nyakato since 2015", na ukitaja muda ni "for ten years". Na bila mwaka wowote kuna tofauti ndogo ambayo kwenye intavyuu inasikika. "I live in Nyakato", ni kwangu, nimetulia. "I am living in Nyakato", kwa sasa nipo, kama mtu aliyefikia kwa mjomba anatafuta chumba. Kwahiyo chagua lenye ukweli wako. Hata kazi ni vile vile, "I am working at a pharmacy" anaelewa ni ya muda, "I work at a pharmacy" ni kazi yako.

SWALI: Mwalimu wewe unasema love haichukui ing. Mimi niko Dallas, hapa McDonald's bango lao "I'm lovin' it" nimeliona tangu nafika, na Wamarekani kazini nawasikia "I'm loving this weather". Nani yuko sawa? – Kijana, Dallas

JIBU: Wote. McDonald's walianza na bango hilo 2003 na hawakukosea, walitaka usikie raha ya dakika ile mdomo ukiwa umejaa. "I love it" ni pendo lililokaa, "I'm loving it" ni raha inayoendelea sasa hivi na inaweza kuisha chakula kikiisha. Ndo hivo na hali ya hewa. Mtu akimwambia mkewe "I'm loving you" atasikika kama pendo la wiki hii, sema "I love you" kijana wangu. Kuna mwenzake wa hilo jambo, "He is rude" ni mkorofi tangu tumjue, "He is being rude" leo kaamka vibaya. Ukiwa unaelezea tabia ya mwenzako kwa bosi chagua kwa makini, hiyo "being" moja inamsitiri mtu.

SWALI: Mimi fundi ujenzi Morogoro, mradi wetu unataka ripoti ya Kiingereza kila Ijumaa. Niliandika "The wall is building" injinia akakata kwa peni nyekundu. – Fundi, Morogoro

JIBU: Ikubali peni hiyo fundi, lakini ujue zamani usingekatwa. Mpaka miaka ya 1800 Waingereza wenyewe walikuwa wanasema "The house is building" wakimaanisha inajengwa. Ile ndefu ya sasa, "is being built", ilipoanza kuenea wapo wasomi wao walioipinga, wakisema mbaya, nzito. Imeshinda nzito. Leo ukuta haujengi, unajengwa, na ile "-w-" yetu ndogo ndani ya "unajengwa" Kiingereza kinaitolea neno zima, "being". "The wall is being built". Zege linachanganywa, "The concrete is being mixed". Mabati yanapigwa, "The roofing sheets are being fixed". Baada ya "being" usiweke "ing" nyingine, weka ile fomu ya "built, mixed, fixed". Kwa ripoti ya Ijumaa hizo tatu zitakuvusha, badilisha tu jina la kitu.

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mwanangu yupo darasa la nne hapa Unguja, akisoma anasema "goingi", "eatingi", nikimrekebisha anasema ndivyo anavyosikia. Mimi mwenyewe sina hakika inatamkwaje. – Mama wa Unguja

JIBU: Waaleikum salaam mama. Sauti hiyo mnayo nyumbani, ipo kwenye ng'ombe. Tuna "ng" mbili, ile ya ngoma na nguo ambayo ina "g" inagonga, na ile ya ng'ombe, ng'ara, ng'oa, ambayo inapitia puani laini. "Ing" ya Kiingereza ni hii ya ng'ombe. Ugumu wa mtoto sio sauti, ugumu ni kwamba Kiswahili maneno yanaishia na irabu, "ng'" haijawahi kukaa mwishoni peke yake, ndo anaitafutia "i" ya kuegemea.

Kaa naye jioni, mwambie aseme "ng'ombe" polepole, arudie "ng'... ng'...", halafu akwame pale pale kabla ya "o", mdomo wazi, sauti inatoka puani. Mguse pua kwa kidole ahisi inatetemeka. Ikitetemeka na mdomo haujafunga ameipata. Sasa aweke "go" mbele yake, "going", abaki hapo hapo asimalizie na kitu. Ikianza kukaa mpe neno "singing" lenye mbili, halafu mpe "finger" aone hiyo ina ile ya ngoma, inagonga. Dakika tano kila siku kabla ya chakula zinatosha, na usimkatize katikati ya kusoma, mwache amalize mstari kwanza ndo mrudie neno.